Mimi, Wifi na Kombe la Baridi

Jumatatu, 1 Julai

Haiwezekani! Kapteni wa klabu yetu ya gofu katia mkono kwenye kopo la biskuti mbele ya watu wote, katoa karatasi ya kwanza — mimi. Katoa ya pili — Wifi! Mtu mmoja nyuma akakohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko.

Kombe la Baridi tunacheza wawili wawili, mpira mmoja. Napiga mimi, anapiga yeye, mimi tena, yeye tena, mashimo kumi na nane. Masaa manne! Na kwa klabu yetu kilichotoka kwenye kopo hakirudi kwenye kopo. Hata ukiugua hubadilishiwi mwenzako. Unajitoa tu, na watu wanakucheka mwaka mzima.

Mimi na Wifi hatujasemezana miaka mitatu. Kisa nilikiandika kwenye daftari la mwaka ule, lakini lile nililitupa kwa hasira, kwa hiyo naandika tena. Wifi alikuwa anaongoza. Shimo la saba, kwenye nyasi ndefu, kaweka fimbo nyuma ya mpira — mpira ukasogea. Upana wa ukucha tu. Lakini ulisogea, na ukiusogeza unajiongezea mkwaju mmoja, na kwetu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Yeye akasema haukusogea. Akatia sahihi kadi bila ule mkwaju. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa Kapteni. Wifi akaondolewa, kombe likaenda kwa mtu mwingine, na jina lake mpaka leo halijaandikwa kwenye ule ubao wa washindi ukutani.

Sasa ningefanyaje? Mimi ni fundi wa miwani. Watu wananiletea macho yao niyapime, mimi nishindwe kuona mpira? Klabuni wananiita Bi Sheria. Sijali. Wifi naye aliuambia ukoo mzima kwamba mdogo wake kaoa polisi.

Mzee wangu alipopata habari ya kopo alikaa kitini kwanza. Kisha akauliza: "Mtavaa nini? Asubuhi siku hizi nyasi zinaganda." Huyo ndiye mume wangu. Dada yake na mke wake wanakwenda kuuana, yeye anauliza nguo.


Jumatano, 3 Julai

Baridi ya leo haina adabu. Karakana nzima kama jokofu, hita imekufa tangu wiki iliyopita. Skrubu za miwani ni ndogo kuliko mbegu ya nyanya, na vidole vyangu leo vimekuwa vya mtu mwingine. Nimeangusha tano. Nimezipata tatu.

Asubuhi Mzee wangu alikuwa anapiga mswaki, mdomo umejaa povu, akasema dada anahama tarehe thelathini na moja. Anastaafu ualimu mkuu, anakwenda kuishi kwa mwanawe, mbali. Kasema vile makusudi, na povu mdomoni, ili nisimhoji. Nikasema ee, sawa.

Sawa nini! Nimefika kazini nikaweka lenzi ya jicho la kushoto upande wa kulia. Kosa la kwanza kwa miaka kumi na miwili.

Zamani Wifi alikuwa anakuja kila Alhamisi baada ya shule. Anakaa kwenye kigoda pale kando ya mashine ya kusaga lenzi, anawasema watu wote tunaowafahamu, mmoja mmoja, kwa zamu. Nilikuwa nacheka mpaka mashine nazima. Kigoda bado kipo. Nimepanga makasha ya fremu juu yake nisikione.

Namkumbuka. Haya, nimeandika.


Jumamosi, 6 Julai

Mazoezi peke yangu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umelala chini, nyasi zinavunjika chini ya viatu kama biskuti. Nilivaa fulana mbili, sweta tatu, suruali ya ndani ya Mzee wangu — ile ndefu ya pamba — suruali ya mvua juu yake, soksi jozi tatu, kofia ya sufu, skafu. Joto? Joto kabisa! Ila mikono haipandi. Nainua fimbo, inafika begani, inakwama.

Nikalazimisha. Sweta ya juu ikalia kwapani, fimbo ikapita hewani bila kuugusa mpira, na mimi nikazunguka mzimamzima nikakaa chini. Mtunza nyasi alikuwa amesimama palepale na mashine yake. Hakucheka, Mungu ambariki. Aliuliza tu kama nimemaliza, maana anataka kukata hapo nilipokaa.

Nikavua sweta mbili. Fimbo ikapita vizuri, vidole vikafa ganzi. Kwenye baridi hii ukiupiga mpira vibaya unausikia mpaka kwenye magego. Mashimo tisa, mikwaju sitini na nane. Simwambii mtu.


Jumapili, 7 Julai

Chakula cha mchana kwa Mama mkwe. Wifi yupo. Yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, Mzee wangu katikati, shingo inakwenda kushoto, inakwenda kulia.

Wifi akamwambia Mzee wangu: mwambie mkeo siku ya kombe asije na nguo za kulalia. Kumbe mtunza nyasi kasema! Mungu amsamehe. Mimi nikamwambia Mzee wangu: mwambie dada yako, yeye aangalie goti lake, nguo zangu aniachie mwenyewe. Mzee wangu akafungua mdomo ili apeleke ujumbe, akaona umeshafika, akaufunga.

Mama mkwe ana miaka themanini na miwili. Akaweka kijiko chini. Akasema yeye masikio yamezeeka, anaomba watu waongee moja kwa moja bila kupitia kwa mwanawe, kwa sababu habari zinamfikia zimechelewa na chakula kinapoa. Mzee wangu akaomba maji.


Jumanne, 9 Julai

Nitaandika hili halafu sitalizungumzia tena maishani.

Mhudumu wa baa ya klabu aliniambia dawa ya miguu baridi ni pilipili ya unga kwenye soksi. Kidogo tu, kasema. Mimi mtu wa uhakika: vijiko viwili kila soksi. Nikaenda nazo kazini kujaribu kabla ya mashindano.

Saa nne — joto safi, nikamsifu mhudumu. Saa nne na nusu — moto! Na nani yupo kwenye kiti cha kupimia? Mchungaji. Anasoma herufi ukutani kwa sauti ile ya mimbarini, mstari wa tatu, na mimi nyuma yake naruka mguu huu, naruka mguu ule. Akadhani nashangilia kwamba kasoma vizuri. Akaongeza bidii! Akataka kusoma mstari wa nne, wa tano, na huo wa chini kabisa ambao hata mimi siusomi.

Nilimchagulia fremu nimekaa, miguu kwenye beseni la maji chini ya meza. Kisha nikajisahau, nikajifuta jasho usoni kwa mkono uleule uliovua soksi. Mchungaji ndiye aliyenishika mkono kunipeleka bombani. Kaniombea palepale.


Alhamisi, 11 Julai

Mvua. Miguu bado inawaka.

Leo Alhamisi. Nimeondoa makasha ya fremu kwenye kigoda. Baadaye nimeyarudisha.


Jumamosi, 13 Julai

Amecheka! Niandike kwa mpangilio.

Kapteni kaamuru kila jozi ifanye mazoezi ya mashimo tisa pamoja. Tukakutana saa kumi na mbili na robo. Mimi nimechelewa dakika mbili. Wifi kaangalia saa yake. Goti lake siku za baridi linamtesa, kwa hiyo mikokoteni yote miwili ya mabegi nimevuta mimi. Hakuniomba. Neno lake la kwanza kwangu kwa miaka mitatu: "Saba." Yaani nimpe fimbo namba saba. Nikampa. Neno la pili: "Tisa." Tukaenda hivyo mpaka shimo la tano, utadhani tunafundishana kuhesabu.

Kuinama ndiko kunakomuumiza zaidi. Niliona anavyouma midomo, basi nikaanza kuinama mimi. Mimi ndiye ninayesimika mpira kwenye kijiti, mimi ninayeutoa shimoni. Yeye anapiga tu. Na anapiga! Miaka sitini, goti bovu, bado mpira wake unanyooka kuliko wa kina mama wote pale.

Sasa, mimi nilikuwa nimejifunga chupa ya maji ya moto tumboni, ile ya mpira, kwa skafu ya Mzee wangu. Joto zuri mno. Tatizo ni kwamba kila nikizungusha fimbo tumbo linajibu — bwaa! Wifi anageuka kutazama ng'ambo. Shimo la sita nikapiga kwa nguvu zote, kizibo kikachomoka, maji yote yakashuka ndani ya suruali. Sekunde kumi za mwanzo, raha isiyo kifani. Sekunde kumi zilizofuata, barafu! Nikawa nimesimama miguu imeachana, natoa mvuke.

Wifi kanipa mgongo. Mabega yanatikisika. Nikadhani goti. Kumbe! Kashika mkokoteni asianguke, kacheka mpaka miwani ikamdondoka, nami nikacheka naye, meno yanagongana. Tukamaliza mashimo matatu, tukaagana kwa kutikisa kichwa tu.

Nimefika nyumbani, kwenye mfuko wa begi langu nimekuta vitu viwili vya sufu. Soksi kukuu imekatwa vipande, imepindwa kwa sindano, ya kuvaa viganjani vidole vikiwa nje. Hakuna karatasi. Lakini mshono ule naujua. Mkubwa, imara, wa kimwalimu.

Nimevaa kutwa nzima. Mzee wangu kaviona, kajitia hamnazo.


Jumatano, 17 Julai

Mzee wangu ni fundi bomba kwa kazi, lakini moyoni ni profesa. Kasema maji yanamwagika, pilipili inaunguza, tutafute kitu kikavu kinachotunza joto. Jana na leo jikoni kumekuwa maabara. Yai la kuchemsha: dakika ishirini na tano. Jiwe kutoka kwenye oveni: nusu saa, na limetoboa mfuko. Kiazi cha kuchemsha kilichofungwa kitambaa: saa moja na dakika kumi!

Kiazi kimeshinda. Nitaweka mfukoni kimoja, na vingine sita kwenye chupa ya chakula, vya kubadilisha. Nimeshona mifuko mipya ndani ya koti, mirefu, kulia na kushoto, uzi mara mbili.


Ijumaa, 19 Julai

Mzee wangu kagoma! Nilimwambia mwambie dada yako kesho nitaleta mipira. Akasema, "Mwambie mwenyewe. Mimi nimestaafu." Kaenda kuoga. Katika ndoa yote hii sijawahi kumwona na msimamo hivyo.

Nikiwa bado nashangaa, simu ikalia. Wifi! Nadhani Mzee wangu kamgomea na yeye. Akasema, "Kesho chai nitaleta mimi." Nikasema, "Sawa, wifi." Akakata. Sekunde tisa. Nimeangalia kwenye simu.


Jumamosi, 20 Julai

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Vioo vya gari vimeganda. Viazi vinachemka. Roho juu.

Saa nane mchana. Naandika chooni. Choo cha klabu, nimekaa juu ya kifuniko, mlango nimefunga kwa ndani. Daftari lilikuwa begini. Siwezi kutoka bado. Niandike upesi.

Tumeshinda. Kwa mkwaju mmoja! Na sijui kama tumeshinda.

Tulipangwa na Mfamasia na mkewe. Kiazi mfuko wa kulia, na mpira nao nauweka humohumo tukimaliza kila shimo, kwa sababu ndiko mkono wangu uliko. Shimo la nne Wifi akaniuliza mbona koti langu linafuka moshi. Nikamtolea kiazi kutoka kwenye chupa. Akakitazama, akanitazama, akakitia mfukoni mwake. Baada ya muda nikasikia, "Hii ni akili ya mdogo wangu." Nikasema ndiyo. Akasema tangu utotoni hana akili nyingine ila ya chakula. Tukacheka, na Mfamasia akageuka kuona kama kweli ni sisi.

Halafu shimo la saba. Mahali palepale, nyasi zilezile. Wifi akasimama. Mimi nikaona leo ndiyo mwisho, atahama na kinyongo chake, na Alhamisi zangu zote zitakwisha kabisa. Nikasema: wifi, labda siku ile niliona vibaya.

Uongo! Uongo mtupu! Macho haya haya. Akanitazama muda mrefu, uso wake sikuuelewa. Akasema, "Piga mpira, wifi."

Lakini alisema wifi. Na toka hapo mdomo ukafunguka. Akaniambia anaogopa kuhama. Kwa mwanawe hamjui mtu hata mmoja, mkwewe anapanga vijiko kwa urefu, jioni atakaa na nani? Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, akitazama mbele: "Nani atanikazia skrubu za miwani huko?" Nilijikaza kisabuni kwa sababu machozi kwenye baridi ile yangeniganda usoni.

Na mpira wetu, jamani! Wa wenzetu unadondoka kama jiwe, wetu unaruka, unaendelea, hautaki kushuka. Mfamasia akauliza tunakula nini. Wifi akamjibu, "Viazi."

Shimo la kumi na tano nikavua glavu nene kuupangusa mpira matope. Ulikuwa wa moto. Si vuguvugu — wa moto, kama yai linalotoka kwenye sufuria. Ndipo nikaelewa. Mpira wa baridi hauendi mbali, wa moto unakwenda. Na sheria naijua kwa moyo, ukurasa naujua: mpira uliopashwa moto kwa makusudi hauchezwi, na adhabu si mkwaju. Ni kuondolewa. Wote wawili. Mimi mwenyewe nimeshawahi kuwasomea watu ukurasa huo kwenye mkutano wa wanachama, na hakuna aliyeniuliza!

Hadi hapo sikukusudia. Naapa. Wifi naye hajui lolote, hajaugusa mpira kwa mkono tangu asubuhi, goti halimruhusu. Ningeutia mfuko wa kushoto na kumwita Mfamasia palepale, kesi ingekuwa nyingine. Nikaurudisha mfuko wa kulia. Karibu na kiazi. Nilijiambia wa kushoto una tundu. Hauna tundu! Mimi ndiye niliyeushona, uzi mara mbili, Jumatano. Shimo la kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane — mpira wa moto, na mimi najua.

Mkwaju wa mwisho alipiga Wifi. Ukaingia. Akanikumbatia mbele ya watu wote, na goti lake hilohilo, akanibana mpaka viazi vikapondeka kwenye mifuko. Akaninong'oneza kwamba sasa jina lake litakaa ukutani hata akiwa hayupo. Jina lake na langu, mstari mmoja.

Kadi iko juu ya meza ya Kapteni. Inataka sahihi mbili, kwa wino. Nikasema nakwenda chooni.

Nikisema, hii itakuwa mara ya pili nampokonya Wifi kombe mkononi, na zimebaki siku kumi na moja. Nikinyamaza, basi mimi ni mtu gani? Nilimwondoa dada wa mume wangu kwa upana wa ukucha, na leo nina kiazi kizima!

Anabisha mlango.

Kasema Kapteni anangoja. Nikasema nakuja. Haondoki. Naona viatu vyake chini ya mlango. Kasema kuna jambo anataka kusema kabla hatujatia sahihi, na afadhali aseme hivi, mlango ukiwa katikati. Kisha akasema polepole, haya ndiyo maneno yake: "Ule mpira ulisogea, wifi. Niliuona. Nimeona aibu miaka mitatu. Na leo unaniambia macho yako ndiyo yaliyokosea — tangu shimo la saba sipumui vizuri. Basi nimesema. Sasa toka tutie sahihi, twende nyumbani."



Nimemwambia: wifi, usitie sahihi bado.

Viatu vimesogea karibu na mlango.

"Kwa nini?"

Sauti ya mwalimu mkuu. "Wifi. Kwa nini?"

Nafungua mlango, nimwambie habari ya kiazi.